Nyota za Magomeni na Msomi wa Aleksandria

Nguzo za umeme za Tandika, Mbagala, Manzese na Mwananyamala zina matangazo yanayofanana: karatasi ndogo, namba ya simu, na orodha ya huduma. Kurudisha mpenzi, kushinda kesi, mvuto wa biashara, kusafisha nyota. Hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayehitaji kuelezwa nyota hiyo ni kitu gani. Kijana anayekosa kazi kila anapoomba huambiwa nyota yake imefifia. Mama ntilie anayejaza wateja kuliko jirani yake, na wote wanapika wali na maharage yale yale, husemwa ana nyota kali. Katika makanisa mengi ya maombezi watu huombewa warudishiwe nyota zilizoibiwa. Kwa maalimu, kitabu hufunguliwa na mteja huulizwa jina lake na la mama yake. Na kwa miaka mingi magazeti yetu yamechapa safu ya nyota, ikasomwa hata na wale wanaosema hawaiamini. Ukiuliza mambo haya yametoka wapi, utajibiwa kwamba ni mila za mababu, au ni elimu ya Waarabu, au ni kazi ya shetani. Nadhani majibu yote matatu yanaruka jambo moja kubwa. Mifupa ya elimu hii ina anwani inayojulikana: iliungwa na wasomi walioandika Kiyunani wakiishi Misri, kabla na baada ya Misri kuingia chini ya dola ya Rumi. Imekaa kwetu kwa undani kiasi kwamba tumesahau ni ya nani, na kusahau huko kunawagharimu watu fedha na usingizi.

Ushahidi wa kwanza umo kwenye majina. Msomaji wa safu za nyota anazijua buruji 12 hivi: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wayunani walikuwa na hizo hizo 12 kwa mpangilio huo huo, ila kwao ya kwanza ni kondoo dume, ya sita ni msichana, ya tisa ni mpiga upinde, na ya 11 ni mtu anayemimina maji. Yule msichana alichorwa ameshika shuke la ngano, na nyota inayong'aa kuliko zote katika kundi lake imekaa pale pale penye shuke. Waarabu walipoipokea elimu hii walimwacha msichana wakabaki na shuke, wakaiita buruji hiyo Sumbula. Mpiga upinde wakabaki na upinde wake, Kausi. Mmimina maji wakabaki na ndoo yake, Dalu. Magazeti ya Ulaya mpaka leo yana msichana na mmimina maji. Ya kwetu yana Mashuke na Ndoo. Hapo tunaona njia iliyopitwa: nyota za Dar es Salaam hazikuja na gazeti la mkoloni. Zilikuja na vitabu vya Kiarabu, kwa majahazi ya kaskazi, zikapata Kiswahili chake hapa hapa pwani.

Asili ya mbali kabisa ni Babeli, ambako makuhani waliigawa njia ya jua katika sehemu 12 sawa yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Lakini Wababeli walitazama zaidi mambo ya wafalme, vita na mavuno. Kumpigia hesabu mtu wa kawaida kwa saa aliyozaliwa, kumpa kila mmoja ramani yake ya mbingu na kuifanya iwe na kanuni kama za hesabu, hiyo ilikuwa hasa kazi ya Wayunani wa Misri. Aliyeipanga vizuri kuliko wote ni Klaudio Ptolemaio, msomi wa Aleksandria aliyeandika yapata mwaka 150 BK. Aliandika kitabu kikubwa cha mwendo wa sayari kilichotumika kwa zaidi ya miaka 1,300, na kingine cha sehemu nne kuhusu athari za nyota kwa wanadamu. Kwetu kuna jambo jingine la kumkumbuka kwalo. Ptolemaio ndiye aliyeandika pia kitabu cha jiografia kinachoutaja mji wa Rhapta, ambao anauita mji mkuu, kwenye pwani ya Azania. Na pwani hiyo ndiyo hii yetu. Karibu karne moja kabla yake, mfanyabiashara mmoja wa Misri ambaye jina lake halikubaki alikuwa ameshaandika mwongozo wa mabaharia unaoeleza kwamba Rhapta ni soko la mwisho, kwamba hapo hununuliwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, na kwamba watu wake hupelekewa mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Wataalamu wengi huitafuta Rhapta kwenye delta ya Rufiji, safari ya saa chache kutoka Mbagala. Kwa hiyo mtu ambaye kitabu chake cha nyota ndicho babu wa vitabu vya waganga wa Temeke alikuwa anajua, kwa kusimuliwa na mabaharia, kwamba huku kuna watu na kuna mji.

Elimu hiyo haikutufikia moja kwa moja. Ilipita Baghdad. Khalifa al-Mansur alipoujenga mji huo mwaka 762 aliwaita wanajimu wamchagulie siku ya kuweka msingi, na katika miaka 100 iliyofuata vitabu vya Kiyunani, Kiajemi na Kihindi vilifasiriwa kwa Kiarabu kwa wingi usio na mfano. Katika mji huo aliishi Abu Ma'shar, mtu wa Balkh, aliyefariki mwaka 886. Aliichukua elimu ya Wayunani akaichanganya na ya Waajemi, na vitabu vyake vikasomwa kutoka Hispania hadi India. Jina lake lingali hai pwani ya Afrika Mashariki: kipo kitabu chepesi cha Kiarabu, kilichoandikwa baadaye sana na mtu mwingine, ambacho hubeba jina la Abu Ma'shar al-Falaki, na ndicho walimu wengi wa nyota hukitegemea.

Tuone hesabu yenyewe inavyofanyika, kwa sababu siri nyingi huisha mtu akiona kazi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba. Huo ndio utaratibu wa abjadi, na Wayunani nao walizipa herufi zao namba kwa njia hiyo hiyo. Chukua mtu anayeitwa Ali, mama yake Mariamu. Ali huandikwa kwa ayn, 70, lam, 30, na ya, 10: jumla 110. Mariamu huandikwa kwa mim, 40, ra, 200, ya, 10, na mim tena, 40: jumla 290. Ukijumlisha unapata 400. Sasa toa 12 mara nyingi iwezekanavyo. 12 mara 33 ni 396, zinabaki 4. Ya nne katika orodha ni Kaa, au Saratani. Kaa ni nyota ya maji, kwa sababu buruji hugawanywa kwa zamu: moto, udongo, upepo, maji, kisha moto tena. Viasili hivyo vinne ni fundisho la Empedokle, mwanafalsafa wa Sisilia wa karne ya tano kabla ya Kristo, na wanajimu wa Kiyunani ndio waliovigawa kwa buruji. Mwalimu wa nyota anapomwambia bibi harusi wa Kigogo au Mbagala kwamba yeye ni moto na mchumba wake ni maji, hivyo nyumba haitakalika, anatumia fundisho la Empedokle, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kulisikia jina hilo.

Hapa mtu makini atanipinga. Ptolemaio alihesabu kwa saa ya kuzaliwa na mahali sayari zilipokuwa. Hesabu ya Ali na Mariamu haitazami mbingu hata kidogo. Je, hiyo bado ni elimu ya Kiyunani? Pingamizi hili lina nguvu, na nalikubali nusu. Njia ya kufika kwenye buruji imebadilika, bila shaka kwa sababu watu wengi hawakuwa na saa wala kumbukumbu ya siku waliyozaliwa, ila kila mtu anamjua mama yake. Lakini buruji zenyewe, idadi yake, mpangilio wake, viasili vyake na sayari inayotawala kila moja vimebaki vile vile. Mabadiliko makubwa zaidi ni mengine, na hayo ndiyo yenye faida kuyaelewa. Kwa Ptolemaio, nyota haiwezi kufifia, kuibiwa wala kusafishwa. Nafasi za sayari wakati mtu anazaliwa zimekwisha kupita. Ni kama tarehe, hakuna anayeweza kuiiba tarehe. Wazo kwamba nyota ni mali, kwamba jirani mwenye kijicho anaweza kuichukua na fundi akairudisha, tumeliongeza sisi kutoka katika fikra zetu kuhusu uchawi, husuda na zindiko. Tumepokea ramani ya Aleksandria tukaipachika kwenye hofu ya mtaani. Mteja wa mnajimu wa kale alilipa ajue tu. Mteja wa leo hulipa ajue, kisha hulipa tena aoshwe, kisha hulipa akingwe.

Kalenda nayo ina alama za watu hao hao. Vitabu vya falaki huipa kila siku sayari yake: Jumamosi Zohali, Jumapili Jua, Jumatatu Mwezi, Jumanne Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mushtari, Ijumaa Zuhura. Mpangilio huu unaonekana wa ovyo mpaka ujue hesabu yake. Wayunani walizipanga sayari kwa umbali, kuanzia iliyo mbali: Zohali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Kila saa ya siku hupewa sayari moja kwa zamu. Zohali akianza saa ya kwanza ya Jumamosi, atarudi saa ya nane, ya 15 na ya 22. Ya 23 ni Mushtari, ya 24 ni Mirihi, na saa ya kwanza ya kesho inamwangukia Jua. Ndipo siku hiyo huwa ya Jua. Anayemwambia mfanyabiashara wa Tandika afungue duka saa fulani ya Alhamisi kwa kuwa ni saa ya Mushtari anaifuata zamu hiyo bila kukosea. Nao utaratibu wa kuhesabu saa kuanzia macheo, ambao sisi tunaishi nao kila siku, ndio uliokuwa utaratibu wa watu wa Rumi. Sisemi tuliupata kwao. Karibu na ikweta jua lenyewe linatosha kuufundisha, maana Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka haifiki saa moja. Lakini ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili anapokuta katika Injili kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, naye akakata roho saa tisa, anaelewa papo hapo. Msomaji wa Ulaya inambidi apige hesabu.

Wapo watakaosema kwamba kwa kuitaja Aleksandria ninawanyang'anya Waafrika elimu yao. La hasha. Wakulima wa nchi hii walilitazama kundi la nyota la Kilimia kujua majira ya kupanda muda mrefu kabla ya kitabu chochote, na mabaharia wetu walisafiri usiku kwa nyota walizozijua kwa uzoefu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi unafuata mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi. Pwani imepokea kutoka kila upande na ikatoa vya kwake. Ninachokataa ni mazoea ya kuvitia vyote katika kapu moja la "mila", kwa sababu kapu hilo linafunga mlango wa maswali. Kilimia kinaweza kupimwa kwa mvua, na kimepimwa kizazi baada ya kizazi. Buruji za kumpangia mtu tabia na ndoa hazijapimwa hivyo. Zimerithiwa tu.

Upande wa dini mambo yana utata zaidi kuliko mahubiri yanavyoonyesha. Uislamu unakataza kuwaendea wapiga ramli na watabiri, na wanazuoni wametenganisha kwa makini falaki ya kutafuta kibla, nyakati za swala na mwandamo wa mwezi na ile ya kubashiri. Kanisa nalo limeupinga unajimu tangu mwanzo, ingawa Injili ya Mathayo inawaleta mamajusi wa mashariki Bethlehemu kwa kufuata nyota, na aya hiyo ndiyo hutumiwa leo na wahubiri wa nyota iliyoibiwa. Lakini hata hoja za kuupinga ni urithi wa zama zile zile. Cicero wa Rumi, katika kitabu chake cha mwaka 44 KK, aliuliza kama maelfu waliouawa siku moja kwenye vita vya Cannae walikuwa wote na nyota moja. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliwafuata wanajimu ujanani, kisha akaachana nao baada ya rafiki yake Firminus kumsimulia kwamba siku na saa aliyozaliwa yeye katika nyumba ya kitajiri, mtoto wa mtumwa alizaliwa nyumba nyingine. Nyota moja, mmoja akaishi kwa raha, mwingine akabaki mtumwa. Ibn Khaldun wa Tunis, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, aliukataa unajimu kwa akili na kwa sheria, akaongeza kwamba unavuruga dola, kwa sababu utabiri wa kuanguka kwa mtawala huwapa wapinzani wake moyo wa kumvamia. Mchungaji na sheikhe wanaopinga nyota leo, kila mmoja kwa kitabu chake, wamesimama juu ya msingi uliomwagwa na watu hao.

Na lile la dola tumeliona wenyewe. Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni Mwembechai, aliyefariki Mei 2011, alikuwa mnajimu aliyejulikana kuliko wote Afrika Mashariki. Watu walimsikiliza redioni, wakamsoma magazetini, na wakubwa hawakumpuuza. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Jakaya Kikwete angekufa ghafla, na nchi nzima ikabishana. Kaisari Augusto aliliona tatizo hili mapema: mwaka 11 BK alipiga marufuku kumwuliza mnajimu kuhusu kifo cha mtu yeyote, kwa kuwa alijua neno kama hilo linavyoweza kutumika. Simtaji Sheikh Yahya kwa kumdharau. Alikuwa msomi wa fani yake, na ni haki kusema kwamba fani hiyo alikuwa mrithi wake halali, akiwa kwenye mnyororo unaorudi hadi Abu Ma'shar na Ptolemaio. Lakini urithi halali unaweza kuwa na kosa ndani yake. Swali la Cicero tunaweza kuliuliza kwa msiba wetu: mamia waliozama na MV Bukoba katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, wazee kwa watoto, wenye majina na mama tofauti, walikuwa na nyota ipi?

Kuna kosa jingine ambalo linatuhusu sisi wa kusini kuliko mtu wa Ulaya. Ptolemaio hakuzipa buruji tabia zake kwa ufunuo, alieleza sababu. Kaa na Simba, alisema, ndizo za joto, kwa kuwa jua likiwa humo hupanda juu kabisa ya vichwa na joto huzidi. Ndiyo maana Simba alipewa Jua kuwa sayari yake. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, ukiwa Aleksandria. Jua linapopita kwenye Simba, kuanzia mwisho wa Julai hadi mwisho wa Agosti, Misri inaungua. Dar es Salaam wakati huo ni kipupwe, na watu wa Gongo la Mboto hutoka alfajiri wamevaa masweta. Tunampa mtoto wetu ukali wa moto kwa sababu ya kiangazi cha nchi nyingine. Tena, makundi ya nyota yenyewe yamesogea, jambo ambalo Myunani Hipparko aligundua karne ya pili kabla ya Kristo: tangu siku za Ptolemaio hadi leo yamehama karibu buruji nzima, hata jua la tarehe 21 Machi, linalohesabiwa kuwa limeingia buruji ya kwanza, hakika limekaa mbele ya nyota za Samaki. Wanajimu hujibu kwamba wao wanapima kuanzia siku usiku na mchana vinapolingana, si kuanzia nyota. Ni jibu halali la hesabu, lakini lina maana kwamba kile wanachokiita nyota yako si nyota.

Shuleni watoto wetu hufundishwa kwamba Rhapta iliuza pembe za ndovu. Hawafundishwi kwamba bahari hiyo hiyo ilileta pia namna ya kufikiri, na kwamba pamoja na namna hiyo zilikuja hoja za kuihoji, zilizoandikwa na Warumi, na Waafrika wa kaskazini, Wakristo na Waislamu. Walimu wa historia na wa dini wanaweza kuyafundisha haya bila mtaala mpya. Kinachohitajika ni kuiandika hesabu ya Ali na Mariamu ubaoni na kuwaacha wanafunzi wapige ya kwao. Nawe msomaji, siku ukiambiwa nyota yako imefifia au imechukuliwa, mwombe anayekuambia akuonyeshe ameihesabu vipi, imechukuliwa lini, na kwa kanuni gani. Asipoweza kukueleza, usimlipe.